Volti 6, volti 12 na bodi ya chanya: mwongozo kamili wa kufunga vifaa vya umeme kwenye gari la kale

Duka la spea la leo, liwe la Kirinyaga Road jijini Nairobi au la Gerezani jijini Dar es Salaam, limejaa vitu vya volti 12 kwa gari dogo na volti 24 kwa lori. Balbu, honi, redio, flasha ya indiketa, chaja ya simu: karibu vyote vimetengenezwa kwa gari la volti 12 ambalo ncha hasi ya betri imefungwa kwenye bodi. Sasa Volkswagen Beetle ya 1962 ina volti 6. Morris Minor ya 1958 inazo hizo 12, lakini bodi yake imefungwa kwenye chanya. Kifaa kilekile kitakoroma kwenye gari la kwanza na kuungua kwenye la pili, na muuzaji hana kosa lolote.

Mwongozo huu unaitumia zaidi Beetle ya volti 6 kama mfano, kwa kuwa ndilo gari la kale la volti 6 linaloonekana sana kwetu. Hesabu zake zinafaa gari lolote la rika hilo.

Soma gari kabla ya kutoa pesa

Unatakiwa kujua mambo matatu: volti ngapi, ncha ipi iko kwenye bodi, na dainamo ina uwezo wa ampea ngapi.

Kuhusu volti, anza na betri. Kila chumba cha betri ya risasi hutoa volti 2 na kidogo, kwa hiyo vifuniko vitatu ni volti 6 na vifuniko sita ni volti 12. Kama betri imezibwa, weka mita gari likiwa limezimwa tangu jana yake: betri ya 6 iliyojaa husoma 6.3 hadi 6.4, ya 12 husoma 12.6 hadi 12.7. Usiishie hapo. Betri inakuambia tu mtu wa mwisho aliweka nini. Chomoa balbu ya breki usome maandishi kwenye kitako chake, futa vumbi kwenye kibati cha dainamo, soma katauti (kidude kinachodhibiti uchaji wa dainamo) na koili ya cheche. Ukikuta balbu 6V, dainamo 6V na betri ya 12, hilo ni gari lililoachwa njiani: mtu alitaka stata ichangamke, akabadilisha betri, akaenda zake. Utalitambua pia kwa taa nyekundu ya dainamo isiyozimika hata ukikanyaga mafuta. Dainamo inatoa volti 7, betri ina 12, na taa hiyo imekaa katikati yao ikila tofauti. Betri haichajiwi kamwe.

Kwenye Beetle kuna ushahidi mmoja usiodanganya kirahisi kuhusu volti za kiwandani: flaiwili, lile gurudumu la injini lenye meno yanayoshikwa na stata. Ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina meno 130.

Miaka husaidia kukisia, ila isichukue nafasi ya mita. Beetle za soko la Marekani zilihamia volti 12 kwa modeli ya 1967. Za Ulaya zilifuata taratibu, na zile za bei ya chini ziliendelea na 6 kwa muda. Citroën 2CV ilihama mwaka 1970. Chevrolet ilihama kwa modeli ya 1955, Ford ya Marekani kwa 1956, na Ford hizo za volti 6 zilikuwa na bodi ya chanya. Magari ya Uingereza yalikuwa na 12 mapema, lakini Morris, Austin na Land Rover nyingi za miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 ni bodi ya chanya. Land Rover za jeshi zipo za volti 24.

Ncha ya bodi unaitazama kwa macho: fuata ule utepe wa shaba au kebo fupi inayokwenda kwenye chuma cha gari, uone imetoka kwenye nguzo yenye alama + au −. Nguzo ya chanya ni nene kidogo kuliko ya hasi. Ukikuta kichwa cha kebo kimepigwa nyundo kikapanuka ili kiingie, au kimejazwa kibati ili kikaze, kuna mtu aliwahi kugeuza betri hapo.

Ampea zimeandikwa kwenye dainamo, au zitafute kwa wati. Dainamo ya Beetle ya volti 6 ni ya wati 180 hivi, yaani ampea 30 tu, na hizo ni kwa mwendo wa barabarani. Gari likisimama kwenye foleni na injini inanguruma polepole, dainamo haitoi kitu. Kila kilichowashwa kinakula betri. Sasa hesabu safari ya usiku yenye mvua: taa kubwa wati 90, taa za nyuma na ya namba kama 20, moto wa injini kama 20, waipa 20 hivi. Umefika 150. Kilichobaki ni wati 30, yaani ampea 5 hivi za kugawia redio, chaja na mapambo yote unayoyatamani. Dainamo ya Lucas C40 ya magari ya Kiingereza ina ampea 22 lakini kwa volti 12, kwa hiyo inakupa kama wati 300. Huko kuna nafasi zaidi.

Taa hafifu: usikimbilie volti 12

Malalamiko namba moja ya mwenye gari la volti 6 ni taa. Na jibu analopewa ni lilelile, "weka tu betri ya 12, bosi." Mara nyingi tatizo si volti 6. Tatizo ni kwamba balbu haizipati hizo 6.

Balbu ya nyuzi ni kali sana kwa volti. Ikikosa asilimia 10 ya volti zake, hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Asilimia 10 ya volti 6 ni volti 0.6, na hizo zinaliwa kirahisi na kutu ya miaka sitini. Gari la volti 12 likipoteza 0.6 hiyohiyo, ni asilimia 5 tu, na mwanga unashuka kama asilimia 16. Dereva hata hajui. Tena balbu ya wati 45 huvuta ampea 7.5 kwenye volti 6, lakini 3.75 kwenye volti 12. Mkondo ni mara mbili, volti ni nusu: kwa waya uleule, hasara ya asilimia ni mara nne. Ndiyo maana gari la volti 6 halivumilii uchafu.

Pima hivi:

1. Chaji betri ijae. Zima injini, washa taa kubwa.
2. Pima kwenye nguzo za betri. Kama inashuka chini ya 6.0 ndani ya dakika moja, betri ndiyo mgonjwa wa kwanza.
3. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma na taa ziko mbele, kwa hiyo ongeza mguu wa mita kwa waya wa mita nne. Uwe mwembamba tu, haidhuru. Mita yenyewe haivuti mkondo wa maana.
4. Mguu mwekundu uguse nguzo ya chanya yenyewe, usiguse kichwa cha kebo. Mweusi uguse mguu wa balbu unaopokea umeme, taa ikiwa inawaka. Namba utakayoiona ndiyo volti zilizopotea njiani.
5. Sasa mweusi uguse nguzo ya hasi, mwekundu uguse sehemu ya balbu iliyoungwa na bodi. Hiyo ni hasara ya ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi, na isizidi 0.1.
6. Jumla ikizidi 0.4, usinunue kitu bado. Sogeza mguu wa mita kiungo kwa kiungo hadi uone namba inaporuka.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni fyuzi. Beetle hutumia fyuzi za kauri zenye ncha zilizochongoka, nyeupe za ampea 8 na nyekundu za 16, zinazokaa kati ya vibati viwili vya shaba. Hapo ndipo kutu ya kijani hujificha. Zungusha kila fyuzi kwa vidole. Ukiona taa inaongezeka mwanga unapoizungusha, umepata. Toa zote, piga msasa laini kwenye vibati, vibane kidogo viwe vikali, rudisha na fyuzi mpya. Baada ya hapo swichi ya taa, kitako cha balbu, na ethi ya kila taa: kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza, paka vaselini juu. Usisahau utepe wa shaba unaounganisha pua ya gia boksi na bodi. Ukikatika, mkondo wa stata hutafuta njia nyingine, na kebo ya mafuta au ya klachi ndiyo itakayopata moto.

Kosa jingine ni kebo za betri. Mtu anakuta kebo za zamani zimechakaa, ananunua za gari la leo, na stata inakuwa mgonjwa kuliko kwanza. Chukua mkondo wa ampea 300 kwenye kebo ya mita moja na nusu. Kebo ya milimita za mraba 16 inapoteza volti 0.48. Ya 35 inapoteza 0.22. Kwa gari la volti 6, nunua ya 35 hata 50 kama vichwa vinaingia. Fundi wa kulehemu anayo kebo ya unene huo wakati dukani haipo.

Baada ya usafi huo, kama bado unataka zaidi, weka rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo), ili mkondo wa taa usipite tena kwenye swichi ya zamani:

1. Nunua rilei mbili za volti 6, moja ya taa kamili na moja ya taa za chini. Ya volti 12 haitashika, au itashika asubuhi na kuachia betri ikichoka.
2. Vuta waya wa milimita za mraba 6 kutoka chanya ya betri hadi mbele. Taa mbili za wati 45 ni ampea 15. Kwenye mita 4 za waya wa 4 unapoteza volti 0.26, kwenye waya wa 6 unapoteza 0.17.
3. Fyuzi ya ampea 20 iwe karibu kabisa na betri, kabla waya haujaingia kwenye bodi. Mbele, gawa waya uingie mguu wa 30 wa kila rilei (namba za miguu zimeandikwa kwenye rilei yenyewe).
4. Waya wa zamani uliokuwa unawasha taa sasa uende mguu wa 86. Mguu wa 85 uende kwenye bodi.
5. Kutoka 87 peleka waya mmoja kwa kila taa, na kutoka kila taa rudisha waya wa ethi hadi kwenye boliti moja iliyokwanguliwa vizuri.

Balbu za halojeni za volti 6 zenye wati 60/55 zipo kwa kuagiza. Rudi kwenye hesabu ya dainamo kabla ya kuagiza: mbili zinavuta ampea 20 kwenye taa kamili, katika 30 ulizonazo. Bila rilei zitaichoma swichi.

Kifaa kimoja kimoja

Balbu. Soma volti, kisha wati, kisha kitako. Balbu ya volti 12 kwenye gari la 6 haiharibiki, inatoa tu rangi ya chai; kwa breki na indiketa hiyo ni hatari, maana anayekufuata mchana haoni kitu. Kinyume chake, ya volti 6 kwenye volti 12 inawaka mara moja kama kamera na kufa. Kwa balbu za LED, volti hazitoshi: nyingi zinajali ncha, na kwenye gari la bodi ya chanya haziwaki kabisa hata kama maandishi ni 12V. Tafuta zilizoandikwa kuwa hazina ncha, au zile maalumu za bodi ya chanya.

Flasha. Ile ya zamani hupata moto kutokana na mkondo wa balbu zenyewe, ndiyo maana hupiga kwa mwendo sahihi tu balbu zikiwa za wati zilizokusudiwa. Indiketa mbili za wati 18 kwenye volti 6 ni ampea 6. Mbili za 21 kwenye volti 12 ni ampea 3.5. Flasha ya 12 kwenye gari la 6 itapiga vibaya au itaganda. Ukiweka LED, flasha ya zamani haipati mkondo wa kutosha: taa zinawaka na kukaa vilevile. Hapo nunua flasha ya elektroniki ya volti zako, na kwa bodi ya chanya hakikisha imetengenezwa kwa ajili hiyo.

Honi. Ya volti 12 kwenye 6 inakohoa tu. Ya volti 6 kwenye 12 italia vizuri mno, na ukiibonyeza kwa sekunde nyingi pointi zake za ndani zinaungana. Honi za upepo zenye pampu ziache. Pampu moja inaweza kula zaidi ya nusu ya dainamo yako.

Maji ya kuoshea kioo ya baadhi ya Beetle za kale husukumwa na upepo wa tairi la akiba. Kwa hilo huhitaji mita. Angalia tu tairi la akiba lisiwe limeisha upepo siku utakapolihitaji.

Chaja ya simu na redio

Hapa ndipo vifaa vingi hufa.

Kwenye gari la volti 6 lenye bodi ya hasi, chaja ya kawaida ya soketi ya sigara imeandikwa 12 hadi 24. Nyingine huwasha taa yake ya buluu kwenye volti 6 na simu ikaonyesha inachaji, kumbe inachaji kwa kudondosha. Unachotaka ni kigeuzi cha kupandisha volti. Hesabu yake: simu inataka wati 10, kigeuzi kizuri kinapoteza kama asilimia 15, kwa hiyo kinavuta karibu wati 12 kutoka kwenye betri, yaani ampea 2. Fyuzi ya ampea 3 inatosha. Redio ni habari nyingine. Redio ndogo inayokula ampea 3 kwenye volti 12 ni wati 36; kupitia kigeuzi ni wati 42, ampea 7 kutoka kwenye betri ya 6. Hizo umeshaziona huna usiku wa mvua. Nunua kigeuzi chenye uwezo wa mara moja na nusu ya mzigo, kifunge kwenye bati tupu ili lipoze joto lake, weka fyuzi ya ampea 10 upande wa betri, na uwashe kupitia rilei ya swichi ya moto ili usikisahau usiku kucha.

Kwenye bodi ya chanya, tazama soketi ya sigara kwa karibu. Ganda lake limefungwa kwenye dashibodi ya bati, na bati ni chanya. Kitovu chake cha ndani ni hasi. Chaja yoyote ya kisasa inataka kinyume: ncha ya mbele chanya, pembeni hasi. Yenye kinga itakataa kuwaka, isiyo na kinga itanuka. Dawa ni soketi ya plastiki ambayo ganda lake haligusi bodi: waya wa bodi uende kwenye kitovu, waya wa betri wenye fyuzi uende kwenye ganda. Chaja sasa inapata inachotaka. Lakini ganda la chuma la kichwa cha waya wa simu limeungana na upande hasi, na hasi kwenye gari hili ndiyo yenye moto. Kichwa hicho kikidondokea dashibodi, fyuzi inakatika. Weka fyuzi ndogo, ya ampea 3, ili ikatike kabla waya haujayeyuka.

Redio ya kisasa kwenye bodi ya chanya haifungwi kwa kubadilishana waya mbili nyuma yake. Sanduku lake la chuma ni hasi, na hata ukilizungushia mpira, ule waya wa nje wa antena nao ni hasi na umefungwa kwenye bodi pale mlingoti unapokaa. Ukichomeka antena tu, umeunganisha betri na yenyewe. Kinachotakiwa ni kigeuzi ambacho upande wa kuingia na wa kutoka havishiki waya mmoja. Kipime kabla ya kununua: weka mita kwenye omu, mguu mmoja kwenye hasi ya kuingia, mwingine kwenye hasi ya kutoka. Ikisoma karibu na sifuri, kirudishe kwenye rafu.

Kwa magari ya volti 24, kamwe usichote volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili. Inayochotwa inabaki na njaa, mwenzake inachajiwa kupita kiasi hadi maji yanachemka, na baada ya muda umezipoteza zote. Nunua kigeuzi cha kushusha 24 hadi 12.

Ukiamua kuhamisha gari lote kwenda 12

Sababu nzuri zipo: gari la kila siku, safari za usiku, balbu za volti 6 ambazo lazima uagize. Nyaya za zamani hazina shida, kwa sababu ni nene na mkondo sasa utapungua nusu. Swichi vilevile. Kipimo cha mafuta cha Beetle za 1962 hadi 1967 kinavutwa kwa kebo, hakijui umeme. Vinavyobadilika ni betri, dainamo pamoja na katauti yake (usichanganye katauti ya 6 na dainamo ya 12), balbu zote hadi zile ndogo za dashibodi, flasha, honi, rilei, koili, choki ya umeme, na sindano ya umeme ya kabureta (inayokata mafuta gari likizimwa) kama unayo.

Tatu za mwisho husahaulika. Koili ya volti 6 ina ukinzani wa kama omu 1.5, ya 12 kama omu 3. Ukiiacha ya zamani, pointi za distribyuta zinapitisha ampea 9 badala ya nne na nusu, na zinaungua ndani ya siku chache. Choki ya umeme ya volti 6 ikipewa 12 hufunguka haraka mno. Asubuhi ya Julai jijini Nairobi injini itawaka, itanguruma dakika moja na kuzima, na utamlaumu fundi wa kabureta. Sindano ikiungua, injini haikai bila kukanyaga mafuta.

Stata ya 6 unaweza kuiacha kwenye Beetle. Inazunguka kwa nguvu na kula meno pole pole, kwa hiyo usishike ufunguo zaidi ya sekunde tano. Kuweka ya 12 yenye meno yake kunadai flaiwili ya 130, bushi nyingine ndani ya gia boksi, na mara nyingi kusaga nyumba ya klachi ili flaiwili ipite. Kazi hiyo ifanye siku injini imeshushwa kwa sababu nyingine.

Mota ya waipa ndiyo ngumu. Wengine huweka rezista: mota inavuta ampea 3.5 na unataka kuangusha karibu volti 7, hivyo omu 2, zikitoa wati 24 za joto, kwa hiyo rezista ya wati 50 ya ganda la alumini. Tatizo ni kwamba rezista inaangusha volti nyingi zaidi pale mota inapohitaji nguvu zaidi. Kioo kikikauka nusu, waipa zinakwama katikati. Kigeuzi cha kushusha 12 hadi 6 chenye uwezo wa ampea 10 ni bora, na hakiongezi gharama kubwa.

Jambo la usalama lisilorukwa: betri ya 12 kwenye Beetle mara nyingi ni ndefu kuliko ile ya zamani, na juu yake kuna springi za kiti cha nyuma. Abiria mzito akikaa, springi inagusa nguzo zote mbili, na kiti hicho kimejazwa singa zinazoshika moto kama kiberiti. Pima nafasi huku mtu amekaa, weka kifuniko cha plastiki kigumu juu ya betri, na ifunge kwa mkanda wake.

Kugeuza bodi ya chanya iwe ya hasi

Kwa Morris au Land Rover yenye dainamo ya Lucas, hii ni kazi ya saa moja na mara nyingi ni rahisi kuliko kutafuta vifaa vya bodi ya chanya.

1. Toa betri. Badilisha vichwa vya kebo, kwa kuwa nguzo hazilingani unene, kisha rudisha betri imegeuzwa lakini usiiunganishe bado.
2. Kwenye koili, badilishana waya mbili ndogo: + iende kwenye swichi ya moto, − kwenye distribyuta. Ukiacha, gari litawaka lakini cheche itakuwa dhaifu na litakosa moto likipandishwa mlima.
3. Kama kuna kipimo cha ampea, badilishana waya zake, la sivyo kitasoma kinyume.
4. Mota ya feni au pampu ya mafuta: ya sumaku ya kudumu itazunguka kinyume, kwa hiyo geuza waya zake. Pampu yenye dayodi ndani (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) haikubali kugeuzwa; iulizie kabla.
5. Chomoa waya mbili kwenye dainamo. Unganisha betri.
6. Chukua waya kutoka kwenye chanya ya betri, uguse mara mbili tatu, nusu sekunde kila mara, kwenye kidude cha F cha dainamo. Utaona cheche ndogo. Hapo umeifundisha dainamo ncha mpya.
7. Rudisha waya za dainamo, washa injini, ongeza mwendo: mita kwenye betri ipande kupita 13.

Ukiruka hatua ya sita, dainamo inachaji kinyume na betri, na pointi za katauti huungana na kubaki hivyo. Mbinu hii ni ya Lucas peke yake. Dainamo ya Bosch ya Beetle imefungwa waya za ndani kwa njia tofauti, na F yake haiguswi hivyo.

Ukimaliza, andika kwenye stika na uibandike pale betri ilipo: volti, ncha ya bodi, na tarehe. Fundi wa barabarani atakayekuja na waya za kuazimana moto ataisoma kabla ya kugusa nguzo.